Panya wa Chumbani kwa Mama

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako, na za wapwa zako wanaokujua kwa picha tu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi kimekuacha na kazi zinakwenda vizuri. Huku hatujambo, tunapumua, ingawa kupumua kwenyewe ndani ya nyumba hii kumekuwa shughuli. Najua utashangaa kwamba nimekaa kuandika barua wakati simu ninayo. Nikipiga simu mama husikiliza kila neno, na haya nitakayokueleza sitaki ayasikie kutoka kinywani mwangu.

Uliniuliza kwa nini nahangaika na karafuu na vitunguu badala ya kununua sumu ya panya tukamaliza mambo. Sumu tulishaitia, mdogo wangu. Panya akaila, akaenda kufia darini, juu kabisa ya kitanda chetu. Harufu ile sina maneno yake. Halafu funza wakaanza kudondoka kwenye chandarua, mmoja mmoja, weupe, wanene, wanajipindapinda. Nililala jikoni hadi shemeji yako alipobomoa dari na kumtoa kwa koleo. Dawa ya kupuliza nayo ndiyo mbaya zaidi, maana mama alibanwa na pumu tukakimbia naye zahanati akiwa midomo myeusi. Hapo nikaapa, sumu haiingii tena humu ndani.

Basi nikaanza vita kwa akili. Wewe unajua mimi ni mpishi wa shule ya bweni, na uchafu ni kitu ambacho sikiwezi. Siku niliyokuta vinyesi vya panya ndani ya unga, nikakumbuka kwamba unga uleule tumeula jana na juzi, nilijisugua ulimi kwa mswaki mpaka ukatoa damu. Nikanunua ndoo zenye vifuniko vya kubana. Taka zikawa zinatoka kabla jua halijazama, na chombo kichafu hakilali. Shemeji yako ni mwashi, anawajengea watu kuta kama ngome, kumbe nyumba yake mwenyewe ni chekeche! Nikamsimamia mpaka akaziba kila tundu la jikoni na stoo kwa nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, maana panya hawezi kuzitafuna, kisha ndio apige saruji juu yake. Kwenye pembe nikaweka pamba zilizochovywa mafuta ya mnanaa, karafuu, na vitunguu saumu vilivyopondwa. Nyumba ikanuka kama sufuria ya mchuzi. Shemeji yako akalalamika kwamba analala kama nyama iliyotiwa viungo, inasubiri moto tu. Hata paka tuliazima, wa muuza nyama wa hapa jirani. Paka yule kazoea kukatiwa steki. Alimwona panya akipita, akajilamba mguu, akalala.

Lakini usicheke sana, kwa sababu kazi ilizaa matunda. Jikoni pakawa safi, stoo safi, na mende wakahama bila kuaga. Kilichobaki kikawa chumba cha mama. Kila asubuhi nafagia vinyesi chini ya kitanda chake, na ile harufu ya mkojo wa panya, kali na ya uvundo, haitoki hata nikidekia siki. Vitunguu alivikataa, akasema vinamziba kifua. Karafuu nazo nikiweka zinapotea. Tundu lililoko karibu na kabati nililijaza nyuzi za chuma, maana shemeji yako alikuwa hajafika huko na saruji yake, na kila nikirudi kazini nalikuta wazi. Nikawa nashangaa ni panya gani huyu mwenye mikono.

Halafu likatokea la kidole. Unajua sukari imemmaliza mama miguu, ukimfinya hasikii. Jumapili namwogesha, nikaona ncha ya kidole gumba imeliwa, nyama iko nje, pembeni usaha. Akaniambia ni kiatu. Nikampeleka kwa muuguzi, akamsafisha, kisha akaniita nje. Alisema kiatu hakina meno. Alisema panya anakuja mama akiwa usingizini, anamtafuna, naye hana habari, na kwamba tukiendelea hivi mguu utakatwa. Nilitapika palepale kwenye karo la kunawia mikono, mbele ya wagonjwa, wala sikuona haya.

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikarudi mchana bila kumwambia mtu. Mlango wa mama ulikuwa umeegeshwa. Mdogo wangu, ninayokuandikia niliyaona kwa macho haya mawili. Mama ameketi ukingoni mwa kitanda. Zile nyuzi zangu za chuma amezikunjia ndani ya kitambaa, na karafuu zangu zote zimo humohumo. Mkononi ana kipande cha mkate alichobakiza asubuhi, anakichovya kwenye chai, anakimega. Na panya yuko pale, mkubwa, manyoya yamemnyonyoka mgongoni, mkia kama kamba iliyoloa, anakula kwenye kiganja cha mama yetu. Mama anamsemesha kwa sauti ya chini, ya kubembeleza. Nilipiga kelele. Panya akapanda juu ya bandeji ya mama, akapita, akaingia tunduni. Mama hata mguu hakuutikisa.

Nikadhani akili zimemruka, na hasa kwa lile jina nililosikia akimwitia. Alikuwa akimwita Kijino. Wewe mwenyewe unajua ni nani mama alimpa jina hilo siku jino lake la kwanza lilipochomoza, na sisi wengine tukikatazwa kulitumia.

Nilimuuliza kama anajua anachokifanya. Akanijibu kwa ukali kwamba yule ni panya, anajua fika ni panya, hajawa mwehu, na nisithubutu kumpeleka kwa daktari wa vichwa. Akasema sisi tunatoka alfajiri na kurudi jioni tumechoka, hatuna la kumwambia ila kama amemeza dawa. Akasema Kijino wake wa kwanza ni sauti ya simu ya mwisho wa mwezi, inauliza dawa hizohizo, halafu inasema iko mbioni. Huyu anakuja kila siku, na akimwita anamsikia. Nilimwambia huyo Kijino anamla mguu. Akasema analijua hilo pia.

Sikuficha kinyaa changu, na wewe sitakuficha. Nilimnawisha mikono kwa maji ya moto nikimshika kwa ncha za vidole, mama aliyenizaa, kama mtu aliyeokota kitu jalalani. Mpaka leo nikiiona mikono ile karibu na sahani yangu naivuta sahani pembeni. Ila baadaye, nikimwaga yale maji, kinyaa kilinigeukia mimi mwenyewe. Kikakufikia na wewe huko uliko.

Shemeji yako amelipiga saruji lile tundu, mama akiwa ameelekea ukutani. Nimebadilishiwa zamu, sasa nashinda naye mpaka saa nane mchana. Kidonda kinakauka. Lakini hasemi nami, na kula ameacha. Anaumega mkate, anauchovya kwenye chai, anauweka ukingoni mwa kisahani na kuutazama. Muuguzi anasema mwenye sukari hawezi kukaa hivyo muda mrefu. Nimebembeleza, nimegomba, nimelia. Si mimi anayemtaka.

Wapwa zako wanakusalimu, shemeji yako pia anakusalimu, anasema kitanda cha ziada kipo. Majirani waliokujua ukiwa mdogo wanakuulizia. Hapa ndipo watu huandika kwamba mama naye anakusalimu sana. Mimi salamu zake sikuziomba, maana niliogopa akisema mpe Kijino, nitashindwa kujua nimpe nani. Njoo uzichukue mwenyewe, na uje upesi.

Ni mimi dada yako