Vifungo vya Idi

Mama yangu,

Huko uliko hakufiki barua, najua, lakini nina hasira na lazima nikuambie wewe, maana wa kulaumiwa ni wewe.

Mwanao Idi ana miaka ishirini na miwili na hakujua kufunga kifungo cha shati. Nakumbuka zile asubuhi za hapa kwetu Mlandege, baridi inauma, yeye ameinua kidevu na wewe unamfunga kimoja kimoja. Nikisema mwache ajaribu, unanijibu, "Akili yake nzito, Rehema. Usimtese." Watu wakimwuliza jambo, unajibu wewe. Nilinuna tu, kisha nikaolewa Mbeya.

Sasa umekwenda, umeniachia mimi. Mume wangu ameniandikia mara mbili nirudi. Idi hataki kusikia habari za Mbeya; akiniona nafunga mizigo anakaa mlangoni. Baba mdogo yuko radhi kuishi naye, ila hawezi kumlisha mtu mzima asiye na kazi. Nikazunguka Iringa nzima mpaka nikampata Mzee Shomari, dobi wa karibu na soko. Pasi ya mkaa Idi anaiweza kuliko mimi, kwa kuwa hana haraka. Lakini mashati ya makarani wa boma hufungwa vifungo kwanza, ndipo yakunjwe.

"Akishindwa hilo, mwanangu, sitaweza kumchukua," mzee akaniambia. Akatupa mwezi mmoja.

Mwezi ule simtakii hata adui. Kila siku shati la marehemu baba liko mezani. Shika kifungo. Siyo hicho. Kipitishe tunduni. Anapitisha kidole. Nilimfokea, mama, sikufichi. Siku moja nililitupa shati uani nikakaa nikalia. Idi akaliokota, akalikung'uta, akalirudisha mezani.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kujaribiwa. Shati la kwanza tu, kifungo cha tatu kikagoma. Dobi anatazama, Idi jasho linamtoka. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikakishika nikifunge. Mimi, niliyekusema miaka yote hiyo. Idi akanisukuma.

"Toka, dada. Kazi yangu hii."

Alikawia mpaka makaa ya pasi yakapoa, lakini alivimaliza vyote. Mzee Shomari akalikagua lile shati mbele na nyuma, kisha akamwambia yeye, hata hakunitazama mimi, "Haya, chukua lingine."

Nikamwacha huko, nikarudi nyumbani peke yangu. Gari la Mbeya ni Jumamosi. Nimekaa jikoni, hakuna wa kumvalisha wala wa kumsemea, na mikono yangu sijui niipeleke wapi. Hapo ndipo nilipojua kwa nini hukumwachia avifunge mwenyewe. Nimekuelewa, mama, na bado nimekukasirikia.

Mungu akutilie nuru kaburini.

Mwanao wa kwanza,
Rehema