Rimoti Iko Juu ya Kabati

Wanangu,

Maharage yako kwenye sufuria, yapasheni. Nguo zianueni kabla ya mvua. Mimi nimerudi saluni, kuna vichwa vinanisubiri!

Asubuhi nilikwenda kwa daktari wa viungo kwa ajili ya hili bega. Kanichoma sindano kavu, haina dawa ndani, nyembamba kama unywele, palepale kwenye fundo la msuli. Msuli ukaruka kama chura! Nikapiga ukelele, aliyekuwa anafuata kwenye foleni akaaga. Kisha daktari akasema, "Haya mama, inua mkono." Jamani! Miezi minne, msusi mzima nachanwa nywele na wanangu, leo mkono umepanda mpaka utosini. Nikamkumbatia mpaka miwani ikamdondoka. Kasema kesho litauma kidogo. Na liume!

Baba yenu, aliyesema nadeka tu, mwambieni ~~ajipikie wiki nzima~~ nimemsamehe. Rimoti yake iko juu ya kabati refu. Nimeipandisha mwenyewe, kwa mkono uleule. Kwa kimo chake hataifikia hata akipanda stuli. Anisubiri nirudi nimshushie.

Mama yenu, mdekaji