Baba, Jua Lilikuwa Halijazama

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini ulinilea nisianze neno na wewe kabla ya kukuamkia, na leo nina neno zito. Sitaki kuongeza utovu wa adabu juu ya makosa niliyonayo.

Juzi alasiri imamu wetu hapa Firq alinijia nyumbani. Saleh, aliyeshika adhana baada yako, anahamia Sur kwa watoto wake. Imamu akanambia, "Wewe mtoto wa mwadhini. Chukua mahali pa baba yako." Nikasema sauti yangu mbaya. Akacheka, akasema hata punda ana sauti mbaya na bado anasikika mtaa mzima. Mie sikucheka. Nitasimamaje pale ulipoondoshwa wewe kwa sababu yangu?

Unaikumbuka Ramadhani ile iliyoangukia mwezi wa sita, nilipokuwa Uswidi nafundishwa mashine za umeme? Walimu wetu walituambia watatupeleka safari ya treni, siku nne, mpaka kaskazini kwenye misitu na maziwa, na mwenye jamaa amlete. Nikakuita wewe. Tangu tulipotoka Tabora hukuwahi kupanda treni. Miaka ishirini gadi wa treni, kisha ukaletwa huku Oman, nchi haina hata reli moja! Kila mgeni aliyekuja nyumbani ulimuuliza, "Ati nchi nzima hii, hata kipande cha reli?" Wageni wakidhani unafanya mzaha. Mimi nilijua hufanyi mzaha.

Ulishuka kwenye ndege na kanzu nyeupe, kilemba cha kwetu Ibra, na kikapu cha tende. Nilifurahi kukuona, walahi nilifurahi. Lakini nilitazama pia nyuma yangu, kuona wenzangu wanakutazama vipi. Hapo ndipo ubaya wangu ulipoanzia.

Ndani ya treni ulikuwa kijana. Hukukaa. Ulisimama dirishani siku nzima, misitu inapita, maziwa yanapita, miti ya gome jeupe haina mwisho. Tukawaona wale wanyama wao wenye pembe kama matawi makavu wamesimama karibu na reli, ukasema, "Hawa wangekuwa Tabora wangeshaliwa." Kisha ukainamisha sikio. "Nasor, mwambie gadi wao, gurudumu la behewa la nyuma linagonga." Niliona haya kumwambia. Ukamwendea mwenyewe, bila lugha, ukampigia ukutani kwa kidole: ko-ko, ko-ko. Yule mzungu akashuka kituo kilichofuata, akainama chini ya behewa, akarudi amekushika mkono. Kituo cha mbele yake akakupa kibendera cha kijani uruhusu treni wewe. Ulikinyanyua mkono umenyooka, kifua mbele. Wenzangu wote walipiga makofi. Nami nilipiga, baada yao.

Ulikuwa umefunga. Mimi nilikuwa nakula, nilikuambia nimechukua ruhusa ya msafiri, ukasema, "Ruhusa katoa Mungu, ichukue. Mimi nilifunga kwenye treni ya Kigoma na joto lile, nitashindwa na baridi hii?" Lakini jua la huko, baba! Halikuwa na haraka ya kwenda popote. Ulikuwa ukilitazama na kusema, "Jua gani hili halina kwao?" Saa ishirini ulikaa na funga, na hata siku moja hukulalamika.

Siku ya tatu tulishuka kwenye ziwa. Wenzangu wakaweka mahema, wakawasha moto, wakateremsha mitumbwi. Mbingu ilikuwa imefunga mawingu mazito. Wewe, usiyevaa saa, ukakaa juu ya jiwe, umeelekea upande wa jua ambalo halionekani, tende tatu mapajani kwenye kitambaa. Saa mbili ya jioni, wote wanakula, wewe umekaa tu. Mwalimu wetu akanijia akaniuliza kwa upole kama mzee wangu kakasirika, au ninamnyima chakula. Wengine wakageuka kutazama. Uso uliniwaka. Nilijiona nimeleta mtu wa maonyesho.

Nikakujia. Uliniuliza, "Umetazama ile karatasi yao ya saa za jua? Jua linazama saa ngapi?" Karatasi nilikuwa nayo mfukoni. Ilisema saa tano kasorobo usiku.

Nikasema, "Limeshazama, baba. Huku mwanga ndio unabaki hivi."

"Umesoma?"

"Nimesoma."

Ukasema bismillahi, ukala tende moja, ukanywa maji. Ukaswali maghribi pale pale kwenye nyasi. Ulikuwa umeshika tende ya pili mawingu yalipofunguka. Jua lile! Lilikuwa juu ya miti urefu wa mikuki miwili, linatuwakia usoni kama la alasiri ya Nizwa.

Ulilitazama jua. Kisha ukanitazama mimi. Baba, ungenipiga kofi mbele ya wazungu wote wale ningeshukuru. Ulirudisha tende kwenye kitambaa, ukafunga fundo, ukasema, "Haya, twende mtumbwini, wenzako wanangoja." Ukakaa katikati ya mtumbwi, mimi napiga kasia nyuma yako, natazama kilemba chako. Ukavua samaki mkubwa kuliko wa wote. Walipomchoma, ukanituma niwaambie umeshiba. Na maghribi uliiswali tena wakati wake, peke yako, hukuniita.

Nilingoja uniulize. Njia nzima ya kurudi nilingoja. Uliniuliza habari za behewa la kulala, bei ya sweta, kama mama angependa vikombe vile vya bluu.

Tuliporudi Firq, mafunzo yangu yamekwisha, ukaenda msikitini, ukawaambia mwenyewe mbele ya jamaa wote, kwa kuwa hukuweza kusimama unawaambia watu wafuturu na wewe una jambo moyoni. "Nilifuturu jua bado lipo. Niliona vibaya." Imamu akakuuliza, "Hapakuwa na mtu na wewe?" Ukasema, "Mwanangu alikuwapo. Kosa langu."

Nilikuwa safu ya nyuma yako. Nilikuwa nautazama mkeka.

Imamu akakuambia ulipe siku moja, ulikuwa msafiri, si neno. Kisha akasema kwa upole ule ambao ni mbaya kuliko matusi, "Mzee wetu, macho yamechoka. Pumzika. Saleh atashika adhana." Ukasema, "Taibu." Mtu mzima, jirani zako walikuwa wakiacha saa zao ukutani wakifuata jicho lako tu, ukasema taibu. Ningefungua mdomo pale, neno moja tu, lingekwisha. Sikufungua.

Ramadhani zilizofuata, Saleh alipoadhini, sisi wote tulikuwa tunatia mkono kwenye sahani. Wewe ulitoka kwanza nje na tende yako, ukautazama mlima jua linakozama, ndipo ukala. Zamani neno la mtu lilikutosha, hukuhitaji kuhakikisha. Watoto wangu walicheka: babu haamini adhana. Nami niliwakemea, mnafiki mkubwa.

Mama siku moja, ukimtilia uzi kwenye sindano kama kawaida yako, alinigeukia. "Hivi huko Ulaya mlikwenda kufanya nini? Mtu anaona tundu la sindano, atashindwa kuona jua?" Ukamwambia, "Wee shona." Uliendelea kumtilia uzi mpaka wiki uliyolala kitandani.

Basi, baba. Leo nimekwenda. Mama nilimwambia kwanza. Alinipakulia chakula, akakaa amenipa mgongo. Baada ya maghribi nikasimama msikitini nikasema kwa Kiarabu, maana nusu ya watu pale hawasikii Kiswahili, na sikutaka hata mmoja apitwe. Nikasema yote: karatasi, mfuko, "nimesoma". Saleh alishika kichwa, maskini, akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nimesimama mahali pa mtu asiye na kosa?" Sasa na yeye nimemtia uchungu, hana hatia yoyote. Imamu akaniuliza, "Na yeye kwa nini hakusema?"

Nikamjibu, "Angesema, mngejua kwamba mwanawe mwongo."

Walitoka mmoja mmoja wakivaa viatu, na adhana hawajaniuliza tena.

Nimechelewa, najua. Watu uliotaka wakuamini, wengi wako makaburini na wewe. Kama mnaonana, waambie nimesema. Macho yako yalikuwa mazima, baba. Yalikuwa mazima mpaka asubuhi ile nilipoyafumba kwa mkono wangu, na hata hapo sikukuomba msamaha.

Nakuomba sasa. Mola akulaze pema.

Mwanao mkubwa,
Nasor