Shavu la Shabani

Jumatatu, 11 Agosti
Vipindi vinne. Chaki imeisha kwenye cha pili. Kidato cha Tatu, maana za neno answer: kujibu swali, kupokea simu, kumfungulia aliyebisha hodi, kubeba lawama ya kosa. Wamenakili huku wanasinzia. Nikawaambia asili yake ni kiapo. Zamani Mwingereza akishtakiwa alisimama mbele za watu akaapa kwamba hakutenda. Hapo ndipo walipoamka.
Nimerudi Mlingotini hoi. Mashine ya boti ya Mzee Kombo imeibwa. Kijiji hakina habari nyingine.

Jumanne, 12 Agosti
Wamesoma Albadiri baada ya alasiri. Ubani umefika mpaka kwetu. Sasa mwizi ataumwa, atavimba, atajulikana. Mama ameitikia amina kwa nguvu kuliko wote. Kaka yangu Shabani naye ameitikia, mkono shavuni. Jino linamsumbua tangu wiki iliyopita, anatafuna karafuu tu. Anaogopa koleo. Mwanamume mzima!

Alhamisi, 14 Agosti
Shabani ameamka shavu limevimba, jicho limefumba, mdomo haufunguki. Amemnong'oneza Mama shikamoo. Mama amelitazama shavu, akaingia jikoni. Hakuitikia.
Nimemfuata. "Mama, ni jino lile."
"Jino limengoja kisomo ndipo livimbe?"
Nimeondoka bila chai.

Ijumaa, 15 Agosti
Wamempiga. Alikuwa anakwenda zahanati, wakatoka msikitini wakamkuta njiani. Makasia, mateke, jiwe la nanga. Mzee Kombo anapiga kelele, "Apa! Apa kama si wewe!" Angeapaje na mdomo ule? Alitoa mlio tu. Wakasema amekiri.
Nilifika wanampiga teke la taya. Nimesikia mfupa ukivunjika. Nimemng'ata mtu mkono mpaka damu, ladha yake bado ninayo. Nimeapa mimi badala ya Shabani, kwa Mwenyezi Mungu, kwa kaburi la baba. Hakuna aliyesikiliza. Wawili kati yao niliwafundisha.
Mwenyekiti wa kijiji alipofika walikuwa wamechoka wenyewe. Tumempakia kwenye bajaji hadi hospitali ya Bagamoyo. Mama hakuja. Nawachukia wote.

Jumapili, 17 Agosti
Taya limevunjika pande mbili. Wamelifunga kwa waya. Jino wameling'oa, usaha umetoka mwingi. Daktari anasema lilianza kuoza kitambo. Nimeliomba, nimelifunga kwenye kitambaa, nimekwenda nalo nyumbani, nimeliweka mbele ya Mama kwenye sinia la mchele aliokuwa anachagua. Ameliangalia. Ameendelea kuchagua mchele.
Nilitaka kumpiga. Mama yangu mzazi. Ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 19 Agosti
Mashine imepatikana Saadani. Aliyeiuza ni mpwa wake Mzee Kombo. Yule aliyekuwa anapeperusha chetezo siku ya kisomo. Mzima wa afya, hana hata kipele.
Polisi wamewachukua watano. Mzee Kombo amekuja na mbuzi kuomba radhi, anataka jibu leo leo. Nimemfukuza yeye na mbuzi wake kwa mchi. Mama alikuwa mlangoni. Amekaa chini palepale.

Jumatatu, 25 Agosti
Shabani yuko nyumbani. Hawezi kusema, anakunywa uji kwa mrija. Wangu anakunywa. Akija Mama na kikombe, anageukia ukutani. Mama anaondoka nacho, kesho anapika tena. Sijamwonea huruma.

Jumatano, 27 Agosti
Asubuhi nilikuwa nafunga mtandio, mlango wa Shabani uko wazi. Mama ameketi mkekani kando ya kitanda, kikombe mkononi. Shabani amegeukia ukutani kama kawaida.
Mama akasema, "Marahaba."
Hakuna aliyemwamkia. Nilidhani amechanganyikiwa.
"Marahaba, mwanangu."
Shabani amekaa vile muda mrefu. Halafu amegeuka, amenyoosha mkono, amepokea kikombe. Mama akamshikia mrija.
Nimechelewa kipindi cha kwanza.