Kitukuu Wangu Hataitwa Mfalme wa Hispania

Furaha, mjukuu wangu mpendwa uliye mbali,

Akili umeiacha wapi? Unanipigia simu kutoka Malmö, mtoto ana siku tisa, unacheka, unaniambia umemchagulia jina la wale wafalme wa Hispania kwa sababu mlitembelea kasri yao likizoni. "Ni jina lenye uzito, Bibi." Uzito! Mimi hapa sitaliandika. Nilikukatia simu, na chai yangu sikuigusa.

Niliishia darasa la tatu, lakini masikio ninayo. Nani alinisomea habari za watu hao? Si wewe, hapahapa jikoni kwangu Hallunda, una miaka kumi na mbili, kitabu cha shule kimejaa unga, mimi nasonga ugali? Ulisoma Kiswidi, ukanigeuzia kwa Kiswahili chako cha kuvunjika. Ukoo ule ulioana wenyewe kwa wenyewe, mjomba anamwoa binti wa dada yake, ufalme usitoke nyumbani, hadi yule wa mwisho kutafuna chakula kukamshinda. Ukaziba mdomo: "Usch, Bibi! Mjomba wake kabisa?" Ndiyo, kabisa. Kwetu hata wa ukoo mmoja humgusi.

Halafu ukafika kwenye mlima wa fedha kule Amerika. Mfalme hakuukanyaga hata siku moja, lakini vijiji vya wenyeji vilitoa wanaume kwa zamu, washuke shimoni wamchimbie. Nikaacha mwiko. Nikakusimulia babu yako Byamungu alivyochimba dhahabu ya wenyewe kule Kivu, akirudi anakohoa udongo, na mimi mkewe sikuvaa hata kipini cha dhahabu ile. Ulilia, Furaha. Ukasema, "Nikizaa mvulana, ataitwa Babu." Sikukulazimisha. Ni mdomo wako.

Desturi yetu unaijua: mtoto akibeba jina la marehemu mume wangu, mimi namwita "mume wangu", namtania, namnyima mboga, ananinunia. Tangu tumzike babu yako sijamwita mtu hivyo. Nimengoja. Na wewe unaniletea jina la mla jasho la watu, aliyelala na mpwa wake! Nimfunge huyo mgongoni, nimbembeleze? Thubutu. Hata kulitamka natema mate.

Mtoto hana kosa. Picha yake naibusu mpaka kioo cha simu kinalowa. Wewe ndiye nimekukasirikia, kwa kuwa ulijua. Asiyejua ningemsamehe.

Mumeo ameninong'oneza kwamba fomu ya jina bado iko mezani, hamjaituma. Basi usinijibu, usinitumie maua. Kaa chini, kata jina lile kwa kalamu nyeusi, andika Byamungu, herufi zote, halafu uipeleke posta leo kabla hujamnyonyesha tena.

Ni mimi bibi yako, mjane wa Byamungu