Bundi wa Sweta ya Mama Mwende

Jumatatu, 7 Julai

Bwana asifiwe. Nimeamka mzima. Kuku wamekula, chai iko jikoni. Baridi ya Mwingi mwezi huu inaingia mpaka magotini.

Leo tena kushona. Sisi akina mama wa kanisa tunatengenezea ukumbi wa soko picha moja kubwa ya mji wetu, uzi wa sweta juu ya gunia. Kila mtu na kipande chake, halafu tuunganishe. Msikiti, soko la ng'ombe, lori za Garissa, kobe, hondohondo. Tulipiga kura, mimi nikaangukia bundi, yule wa paa la soko la zamani. Walicheka. "Mama Mutua, huyo mgeni wako usimlete kwangu." Nami nikacheka.

Uzi wa kahawia umeisha kabla ya mabawa. Nimefumua ile sweta kuukuu aliyonipa Mama Mwende, jirani yangu, nijazie mto. Rangi ni ile ile. Nimefurahi.

Ijumaa, 11 Julai

Mama Mwende amelazwa. Ameanguka akichota maji. Homa kali, hatambui hata mtoto wake.

Nimerudi nyumbani nikamwona bundi mezani. Mabawa yote ni nguo ya mwili wake. Mtu akijua, atasema nimemroga, na nimekwisha.

Jumapili, 13 Julai

Sikusikia mahubiri. Baada ya ibada tulionyeshana vipande. Mwenyekiti, Mama Syombua, alishika bawa akalisugua kwa vidole. "Huu uzi nimeuona mahali." Nikasema ni wa dukani, kule soko la Kabati. Nimedanganya ndani ya kanisa.

Mwingine akauliza, "Na mbona Mama Mwende ameugua tu bundi huyu alipofika mabawa?" Wakacheka kidogo. Si kicheko cha ile siku ya kura.

Yule mama wa ng'ambo ya mto waliyemwita mchawi, walianza naye kwa maneno madogo hivi hivi. Ikaishia kwa kiberiti.

Jumatano, 16 Julai

Sili. Mbwa akibweka nasimama. Nilitaka kuchoma bundi jikoni, nikaogopa. Je, nikimchoma na Mama Mwende afe?

Mimi mtu wa kuokoka nawaza hivi. Nisamehe Baba.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeenda hospitali. Amepata fahamu. Tulikuwa wawili tu, nikamwambia yote. Huyu tumezaa pamoja, tumezika pamoja. Nilijua atanicheka, aseme, "Wewe Mama Mutua na akili zako."

Hakucheka. Alitoa mkono wake mkononi mwangu akauweka chini ya shuka. Akasema polepole, "Kamlete. Umfumue nikiona."

Ijumaa, 18 Julai

Nimefumua bundi kando ya kitanda chake. Alikuwa akikunja uzi kuwa donge, macho kwangu. Ulipoisha akalitia donge chini ya mto. Akasema asante, kama mtu anavyomwambia nesi.

Jumapili, 20 Julai

Homa ilishuka jana, leo wamemruhusu. Kijiji kizima kinamshukuru Mungu. Mimi pia. Lakini kupona kwake kunaniogopesha kuliko homa. Amepona baada ya mimi kufumua. Yeye anajua hivyo.

Jumapili, 27 Julai

Mama Mwende alisimama kutoa ushuhuda. Nilishika benchi. Alisema, "Nilikuwa nimefungwa, Bwana amenifungua." Watu wakasema amina. Hakusema nani alimfunga. Hakunitaja, na hakuniangalia. Alirudi kukaa, si kwa benchi letu.

Picha imeunganishwa. Mahali pa bundi kuna gunia tupu, vitundu vya sindano bado vinaonyesha umbo lake. Mama Syombua aliuliza nitashona nini hapo.

Jioni nimesikia Mama Mwende akipita nje ya ua wangu. Zamani angeita. Amepita.

Kesho nataka nimpelekee uji. Baba, sijui kama atakunywa kitu kilichotoka mkononi mwangu. Nijibu mapema, kabla sijawasha moto.