Motere Iko Nyuma

Liège, tarehe 3 Februari 2008

Yaya Pétronille,

Salamu nyingi kwako dada yangu, kwa watoto na kwa baba yetu, Papa. Mimi huku ni muzima, ila baridi inanikula vidole. Miguu ya Papa inaendelea je? Anakula?

Telefone yangu imekufa, ilianguka ndani ya ndoo ya maji ya kuoshea magari. Basi tuandikiane kwa cyber. Mimi nafikaka pale kila dimanshi, jumapili.

Umusomee Papa hii polepole, hata kama weye haupendi habari za magari. Ku garaji, pale nafanya kazi, patron mwenye garaji ameingiza magari matatu ya mbio, na kazi yangu ni kuyaosha na kuyapangusa mpaka yang'ae. Ya kwanza ni Porsche 911: motere, ile injini, iko nyuma kabisa, inapita hata mipira ya magurudumu ya nyuma. Ya pili ni ndugu yake mudogo, Cayman: motere iko katikati, nyuma ya mugongo wa dereva. Ya tatu ni Nissan 350Z, motere mbele kama gari zote tunazojua. Kwa urefu 911 inawapita wenzake kidogo. Nissan ni fupi, lakini ni nzito kuliko zote. Kwa bei, Nissan mupya ni kama nusu ya 911, na Cayman inakaa kati yao. 911 iko na viti viwili vidogo nyuma, vya watoto. Zile zingine ni watu wawili, basi.

Mimi nasema Cayman njo gari, ndiyo gari ya kweli. Uzito uko katikati, inakata kona bila kuyumba. Uliza Papa. Najua atakasirika.

Mudogo wako,
Prudent

—

Bunia, tarehe 16 Februari 2008

Mudogo wangu Prudent,

Barua yako imetukuta tungali tunapumua, Mungu asifiwe. Watoto ni wazima. Mimi ni kuchoka tu. Usiku namugeuza Papa, asubuhi niko ku soko ya Nyakasanza nauza sombe yangu, majani ya muhogo, nikirudi namugeuza tena. Juzi risasi zililia upande wa njia ya Irumu. Wanasema ni amani, basi na siye tunasema ni amani.

Nilimusomea. Eeh, aliinuka kwa kiwiko! Siku mingi hakuinuka. Naandika vile alisema:

"Weye mutoto, nani alikufundisha? Motere ni nyuma. Nimeendesha Coccinelle, ile Volkswagen ndogo ya mapadri, toka Bunia mpaka Kilo, wakati ya mvua, malori yamelala ndani ya potopoto ya matope, mimi napita nawapungia mukono. Kwa nini? Juu motere inakalia mipira yenye kusukuma. Hiyo yako ya katikati, fundi ataingizia mukono wapi? Na viti viwili! Mugonjwa utamulaza wapi? Kuku utaweka wapi? Chukua 911. Bei isikusumbue, hatununue, tunabishana tu."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akalala kidogo, akaamka, akasema neno lingine, na hili usiliruke: "Mimi niko naenda. Sitaki habari ya kifo changu imukute mutoto wangu peke yake. Aniambie jina ya mutu mwenye ataketi naye."

Unajua vile tunafanya, Prudent. Mutu haambiwe kifo akiwa peke yake. Tunaambia kwanza mwenzake, mwenzake anakuja, anaketi, kisha anasema. Jirani yetu Tharcisse aliambiwa ya mama yake kwa telefone, yeye peke yake kule Kilo. Alitoka kutembea, na mpaka leo hatumuone. Papa anaogopa hiyo kuliko kufa kwenyewe. Basi tupe jina na namba.

Yaya wako,
Pétronille

—

Liège, tarehe 2 Machi 2008

Yaya,

Nimefurahi kusikia munapumua. Pole na kazi ya usiku. Hapa niko sawa, mikono tu imepasuka juu ya sabuni.

Mwambie Papa huku hakuna potopoto! Kwa barabara ya kavu, motere ya nyuma inavuta mukia. Ukiingia kona na mbio, ukaogopa, ukaachilia pedali ya mafuta, mukia unataka kutangulia kichwa. Cayman haina hiyo wazimu. Na ni pana vizuri, chini karibu na udongo, hata upepo hauioni. Fundi ataingizia mukono wapi? Hapo Papa amenipiga, ni kweli, ile motere ni ya kutafuta kama sindano. Lakini gari si lazima ipendwe na fundi.

Siku ya posho, jumamosi, niliketi ndani yake kupangusa vioo. Nikafunga mulango, nikabaki kidogo. Patron na watu wake walikuwa wameshaenda kula. Ni gari yenye kunyamaza sana.

Juu ya lile jina, musijali. Niko na watu wengi huku. Na Papa haendi popote, mwambie bado hatujamaliza.

Mudogo wako,
Prudent

—

Bunia, tarehe 14 Machi 2008

Prudent,

Salamu. Siye tuko tu. Naandika mbio juu wanasema groupe, mashine ya umeme ya cyber, inakaribia kuisha mafuta.

Papa anasema: "Mukia unavuta kwa sababu dereva ni mwoga. Ndani ya kona usiachilie mafuta, ongeza kidogo, gari itakaa chini yenyewe. Na watu wengi hawana jina. Mimi nataka mutu mumoja."

Sasa ni mimi nasema. Watu wengi ni nani? Usinifanye mujinga. Kama ni padri, sema padri. Kama ni mwanamuke wa watu, sema, sitakutukana, nimechoka hata kutukana. Kila jioni ananiuliza: "Ameleta jina?" Namwambia kesho. Anageukia ukuta. Weye unajua vile inauma kumudanganya muzee mwenye akili yote?

Hata mukate ukiwa mudomoni, hawezi kuumeza. Anakula vijiko viwili, basi. Leta jina.

Yaya wako,
Pétronille

—

Liège, tarehe 30 Machi 2008

Yaya yangu,

Usikasirike. Hamujambo wote? Nasali juu ya Papa ashibe hata kidogo.

Jina ni hili: Mathieu. Tunafanya naye kazi ku garaji. Namba ni ile ya kazini, nimeiweka chini. Sasa Papa atulie.

Mwambie pia Nissan imeondoka. Alikuja bwana mumoja na bibi yake, wakaketi ndani, wakaangaliana, wakalipa. Hawakuuliza motere iko wapi. Basi tumebaki na zile mbili, kubwa na ndogo, ya nyuma na ya katikati, mimi na yeye. Mwambie hivyo hivyo: tumebaki mimi na yeye. Nangojea jibu.

Mudogo wako,
Prudent

—

Bunia, tarehe 7 Mei 2008

Mudogo wangu mupenzi,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Unisamehe kukawia. Cyber ilifungwa, halafu kulikuwa mambo mingi hapa nyumbani, watu wengi walikuja, hata tanti, shangazi yetu wa Mahagi, alifika. Watoto ni wazima. Mimi ni muzima. Unakula vizuri? Unalala?

Papa anakusalimia sana. Anasema amewaza juu ya yale magari na sasa amekubali: Nissan njo bora kwa zote. Bei yake ni nzuri, na motere iko mbele, kwa sababu mahali ya motere ni mbele. Hivyo njo alisema.

Nilipiga ile namba yako. Mathieu alishika yeye mwenyewe. Nikamwambia kwa kifaransa niko natafuta rafiki ya Prudent. Akaniuliza Prudent gani. Nikasema mwenye kuosha magari, wa Congo. Akasema aa, yule, lakini mimi simujui, bibi, tunasalimiana tu. Nikakata.

Prudent, nakuomba, nakupigia magoti. Si juu ya kukuhukumu. Tafuta mutu mwingine. Mutu yeyote mwenye moyo, hata muzungu, hata mulevi. Nipe jina. Nipe mbio.

Yaya wako mwenye kukupenda,
Pétronille

—

Liège, tarehe 14 Mei 2008

Yaya Pétronille,

Salamu, na pole. Sikuulizi habari ya nyumba. Nakuomba na weye usinijibu kwa barua hii.

Nilisoma yako dimanshi. Papa hawezi kusema motere ni mbele. Hata homa ingemupanda mpaka asitambue jina yake mwenyewe, hiyo hangesema. Na ile Nissan nilikuambia imeshaondoka. Weye hata siku moja haukusikilizaka maneno yetu ya magari, ulikuwa unatuambia tutoke jikoni tukabishanie inje. Nimeelewa, yaya. Sikukasirikii. Najua ulikuwa unanibeba.

Mathieu naye hakudanganya. Miaka mbili tunakunywa kahawa kwa mashine moja, ananiita rafiki, hajaniuliza jina. Mimi pia sijui jina ya baba yake. Nilikuambia niko na watu wengi. Hakuna watu. Asubuhi naosha magari, jioni narudi ku chumba, dimanshi naenda cyber kukuandikia. Ni hivyo tu. Niliona haya kukuambia, juu kila mutu pale nyumbani anajua niko Bulaya, na Bulaya haiko hivyo ndani ya vichwa vyenu.

Tangu dimanshi nimezunguka kutafuta mutu. Nilitoka cyber nikaingia misa ya mangaribi, nikaketi nyuma. Padri akamaliza, watu wakatoka, wakasimama inje wakiongea na kucheka, na mimi sikujua mutu anaanzaka na neno gani. Utamwambia nini mutu usiyemujua? Bwana, tafazali, uje kukaa kwangu ili nifiwe? Nikarudi. Kesho yake, lundi, nikamukaribia Mathieu, nikamwangalia, nikamuomba kitambaa ya kupangusia. Yaya, nilikuwa najua Papa amekufa na sikuwa na ruhusa ya kulia. Nilikuwa naosha ile 911 na maji yanatoka machoni, nasema ni sabuni.

Jana nikaenda kwa Mama Régine. Ni mama wa Butembo, yuko na duka ndogo karibu na gare ya treni, anauza unga, sombe na samaki ya kukauka. Mimi nanunuaka kwake makayabo, ile samaki ya chumvi, ananiita Mutoto wa Bunia, na hatujapitaka hapo. Duka ilikuwa na wateja. Nilikuwa nimepanga kungojea watoke, nikashindwa. Nikasema pale pale mbele ya wote: Mama, kwetu habari ya kifo haiambiwe mutu peke yake, na mimi niko peke yangu, na dada yangu anakosa mutu wa kuambia.

Nikalia. Kati ya makopo ya nyanya, mutu muzima, nikalia. Akatoa wateja, akageuza kile kibao cha mulango, akanikalisha juu ya mufuko wa mahindi. Akasema, "Hata kwetu ni vile vile. Mulifikiri ni nyinyi peke yenu?" Hakuniuliza karatasi. Hakuniuliza kabila. Aliuliza nakaa wapi, akaandika juu ya mukono wake na biki. Kisha akauliza, "Viti viko?" Nikasema kiti ni kimoja. Akasema ataleta yake.

Basi jina ni Régine. Namba yake naiandika hapa chini, nimehakikisha. Usipige kwa kazi, usiniandikie mimi. Mupigie yeye. Mwambie yote: ni siku gani, nani alimushika mukono, alisema nini mwisho, mulimuzika Bunia ao mulimurudisha kwao Mahagi. Mwambie polepole, juu atanirudilia neno kwa neno. Na weye, yaya, uliketi na nani?

Kazini nimeomba ruhusa. Toka leo saa kumi niko nyumbani. Mulango sitafunga.

Mudogo wako,
Prudent